Mwanangu Kimbunga na Mkia Wangu

Mwanangu wa mwisho alizaliwa kabla mkunga hajaweka mkoba chini. Mkunga alisema "Hodi," mtoto akamjibu kwa kilio. Wapo wanaosema hapo nimetia chumvi. Chumvi nimetia, sikatai, lakini mboga ni ileile. Alitembea akiwa na miezi sita, na alipotimiza miezi sita na nusu mimi ndiye niliyekuwa nakimbia nyuma yake, mbeleko mkononi, nikiomba wapita njia wanisaidie kumkamata.

Leo ni mtu mzima, ana mke na mabinti wawili, na ni tabibu katika kituo cha afya, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Chumba namba nne, mlango wa kijani, kitasa cha kubembelezwa. Watu wa benchi, yaani wale wanaosubiri kuingia kwake, walimwita Kimbunga. Mwanzoni lilikuwa jina la sifa: unaingia, unatoka, unawahi shughuli zako. Jamaa mmoja alimsindikiza mkewe mjamzito, akatoka na dawa za minyoo yeye, na mke bado anatafuta pa kukalia. Mwingine, nasikia, alipona akiwa kizingitini, kwa woga tu.

Lakini hakuwa hivyo kwa asili ya moyo wake. Alipokuwa na miaka tisa mbuzi wetu aliugua, naye akakata bua la jani la boga, lile lenye tundu katikati, akaliweka ubavuni mwa mbuzi na kulisikiliza kutwa nzima. Nilimwita kula, hakuja. Jua lilipoegemea akaniambia, "Mama, tumboni mna kitu kinagonga." Baada ya siku nne mbuzi akazaa. Mimi husema alizaa mapacha watano. Alizaa mmoja. Ila tangu siku hiyo mtoto hakutaka kazi nyingine duniani isipokuwa kusikiliza matumbo na vifua vya viumbe.

Kilichomgeuza ni benchi. Zamani matabibu walikuwa watatu pale, wawili wakahamishwa, benchi likabaki lilelile na watu wakazidi. Watu themanini kwa siku, wakati mwingine tisini. Akawa hanyanyui kichwa. Anapiga kelele "Mwingine!" kabla huyu hajainuka kwenye kiti, kalamu inakwenda, mkono unakata cheti, "Mwingine!" Ile methali ya haraka na baraka anaijua, ila nadhani aliisoma kwa haraka.

Basi siku moja nikashikwa na kikohozi. Ningeweza kumsubiri nyumbani, lakini nilitaka kuona hicho kimbunga kwa macho yangu. Nikachukua namba kama watu wote, nikapata thelathini na saba, nikakaa benchini mpaka nikaitwa.

Nikaingia. Kichwa kimeinama juu ya rundo la kadi, nikaona utosi tu. Utosi ule nimeupaka mafuta miaka mingi, nikaufurahia.

"Hujambo, baba," nikasema.

"Sijambo, mama. Umri?"

Moyo ukaruka, nikadhani amenitambua. Kumbe "mama" ile ndiyo anayompa kila mwanamke aliyeota mvi.

"Miaka mia moja na kumi na minne," nikamjibu.

Kalamu ikaandika. Haikutetemeka hata kidogo.

"Tatizo nini?"

Nilikuja na kikohozi, naapa. Lakini mtu akikuamini mwaka wa mia na kumi na nne, ulimi unapata kiu.

"Mkia," nikasema. "Leo siku ya tatu unaniuma. Hasa nikiukalia."

"Unauma muda wote, au maumivu yanakuja na kuondoka?"

"Maumivu yanakuja na kuondoka. Mkia wenyewe unabaki."

"Sawa." Akasimama nyuma yangu, akaweka mgongoni ile sahani ndogo ya baridi ya kusikilizia kifua. "Vuta pumzi. Toa. Vuta tena." Nikageuza shingo kidogo. Jamani! Zile ncha za kutia masikioni zilikuwa zinaning'inia shingoni kwake kama mkufu. Anasikiliza kwa imani tu. "Mapafu safi," akasema, na mimi palepale nikakohoa mpaka dirisha likatikisika. "Dawa za maumivu, siku tano. Mwingine!"

Nikatoka na cheti changu. Pale dirisha la dawa yupo binti mmoja mfamasia, mwenye miwani minene na roho nyepesi. Akasoma. Akasoma tena. Akainuka kwenye kiti chake na kuchungulia nje.

"Bibi," akasema, "hebu geuka kidogo."

Nikageuka.

"Umeuacha nyumbani?"

"Nimeukunja," nikamwambia. "Hapa kuna watu wengi, wataukanyaga."

Alicheka hadi miwani ikadondokea kwenye kopo la vidonge. Waliokuwa nyuma yangu wakauliza kuna nini, cheti kikapita mkono kwa mkono, kila kinapofika kicheko kinalipuka, na mimi katikati nainama kama bibi harusi. Sikujua kuwa kicheko kina miguu. Kabla sijapewa hata kidonge, cheti kilikuwa juu ya meza ya Mama Rula.

Mama Rula ndiye msimamizi wa kituo. Jina lake la kuzaliwa silijui, na nadhani naye amelisahau. Mgongo wake umenyooka kiasi kwamba kunguru hawathubutu kutua kwenye paa akiwa chini yake. Kila kitu kwake ni mstari: vitanda, ndoo, wauguzi. Alikisoma cheti na hakucheka.

Jioni ile mwanangu alikuja kwangu, akasimama mlangoni na koti lake jeupe begani.

"Mama, umenifanya nini?"

"Mimi? Mimi niliongea. Aliyeandika nani?"

Akajaribu kukasirika, akashindwa. Alianza kucheka akishika fremu ya mlango, akateleza, akakaa chini kabisa, mimi naye, tunacheka mpaka jirani akagonga ukuta. "Miaka mia moja na kumi na minne!" alisema. "Mkia wenyewe unabaki!" Halafu kicheko kikamwishia mdomoni, akabaki anatazama viatu vyake.

"Hata sikukuona, Mama. Ulikaa mbele yangu, sikukuona."

Akanieleza yaliyokuwa yamempata. Mama Rula amempa mpaka siku ya mwisho ya mwezi. Siku hiyo atakuja mwenyewe kukaa na kuangalia. Akiona kazi ya namna ile, mwanangu anatolewa chumba namba nne na kupelekwa stoo, akahesabu glavu na magodoro. "Amesema glavu hazina mkia," akasema mwanangu. Alijaribu kulisema kama mzaha.

Mtoto aliyesikiliza mbuzi kwa bua la boga, ahesabu glavu! Na aliyemsukuma huko ni mimi mwenyewe na ulimi wangu. Asubuhi nikaenda kwa Mama Rula kukiri.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mimi nimezoea kudanganya watu. Hata mbuzi wangu nimewahi kuwazidishia watoto."

Akanitazama, akavuta kiti nikae. "Bibi, jana ulikuwa mkia ambao haupo," akasema. "Kesho utakuwa moyo wa mtu, nao upo. Nifanyeje?"

Nikainuka, nikaaga na kwenda zangu. Na mimi kuondoka bila kuongeza chumvi ni jambo la kuandikwa ukutani.

Wiki hiyohiyo, kwa bahati, kituo kilileta mwalimu wa utulivu. Ndivyo alivyojiita. Kijana mpole mwenye kengele ndogo mfukoni, amekuja kuwafundisha matabibu na wauguzi jinsi ya kuwa na akili hapo miili yao ilipo. Mwanangu alinisimulia yote. Walikaa kwenye viti vya plastiki chumba cha mikutano, wakaambiwa wafumbe macho, wahesabu pumzi zao, wakifika kumi waanze upya. Kengele ikalia, ting! Dereva wa gari la wagonjwa akakoroma hapohapo, kama aliyekuwa anasubiri ruhusa. Mtu wa maabara akapiga chafya mara saba. Baada ya dakika mbili mwanangu akanyoosha mkono.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Nimefika mia mbili."

Mwalimu hakumcheka. "Hapa hakuna wa kwanza, daktari," akamwambia. "Wewe ukiwa na mgonjwa, huwa uko wapi?"

Mwanangu akafikiri. "Niko kwa yule anayefuata."

"Na huyo anayefuata akiingia?"

"Niko kwa yule anayemfuata yeye."

"Basi tangu asubuhi hujakutana na mgonjwa hata mmoja," akasema mwalimu, kwa upole tu, kama anamtajia saa. Akamwambia achague kitu kimoja anachofanya kila siku kati ya mgonjwa na mgonjwa, akifanye akiwepo.

Akachagua kunawa mikono. Kunawa ni lazima kwao, na bomba la chumba namba nne ni bovu, linatoa maji kama linalipa deni. Akaamua maji yakianza kutoka, anasikia maji. Sabuni, anasikia sabuni. Pumzi tatu, ndefu, ndipo amwite mtu.

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Alisimama mbele ya bomba amefumba macho, mama mmoja akachungulia, akatoka mbio: "Daktari amezimia wima!" Wauguzi wawili wakaingia na machela. Siku ya pili akafumbua macho, lakini pumzi ya tatu ikawa inamkatikia njiani, mdomo unapiga "Mwi..." kabla ya wakati. Nayajua haya kwa sababu nilihamia benchini. Mtu akivunja chungu hawezi kukaa nyumbani huku wenzake wanaokota vigae. Kila asubuhi nilikaa nafasi ya tatu kutoka mlango wa kijani na kikohozi changu, ambacho mfamasia alikuwa amenipa dawa yake ya kweli, nikawa macho ya mwanangu.

Siku ya tano alifanya jambo ambalo mwalimu hakumfundisha. Alifuta mikono, akafungua mlango, akatoka nje mwenyewe. Hakupiga kelele "Mwingine!" Alimwendea mama mwenye mtoto, akamwamkia, akamuuliza jina, akasema, "Twende," wakatembea pamoja hadi kitini. Kutoka benchi hadi kiti ni hatua sita. Jioni akaniambia, "Mama, hatua sita ni nyingi mno! Unaona nani anachechemea, nani anashika ukuta, nani anahema. Nimekaa miaka yote hii nawauliza vitu ambavyo miguu yao ingeniambia bure."

Benchi halikufurahi. "Kimbunga kimegeuka kobe," akasema mwanamume mwenye jino linalouma. "Anawasindikiza kama maharusi!" akadakia mwingine. Nikawaambia kituo fulani cha mbali daktari alikwenda haraka mpaka akajitibu mwenyewe akadhani ni mgonjwa, akajilaza wodini, na sasa ni mwaka wa pili anasubiri ajipe ruhusa ya kutoka. Wakatazamana, wanapima kama waniamini au wasiniamini. Lakini ilipofika wiki ya tatu wenyewe wakaona: wale waliokuwa wanarudi kila Jumatatu na maumivu yaleyale hawakurudi. Benchi likapungua upande wa kulia. Nikaanza kupata pa kuweka mkoba.

Ikafika siku ya mwisho ya mwezi. Saa tatu asubuhi Mama Rula akaja na daftari, akakaa benchini, watu wawili kutoka kwangu, mgongo haugusi ukuta. Nikamsalimia, akaitika kwa nyusi. Mwanangu akafungua mlango, akamwona. Akarudi ndani. Maji yakasikika bombani, yakachelewa, yakachelewa, mpaka nikaanza kuvuta pumzi mimi kwa niaba yake.

Akatoka. Waliokuwa wanafuata ni fundi saa na mkewe.

Fundi saa huyu mtaa mzima ulimjua. Aliwahi kutengeneza saa zetu zote, ila kwa miaka miwili alikuwa amefunga kibanda chake. Watu walisema akili imemtoka. Anaitwa hageuki, anaulizwa anatabasamu tu, msibani anacheka, penye vichekesho ametoa macho. Mara tatu mkewe alimleta kwa mwanangu wakati wa kimbunga, na mara tatu mwanangu aliandika "uzee, kupoteza kumbukumbu." Siku hiyo mke alikuja kuomba barua ya kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa amefunga nguo za mzee kwenye kifurushi, tayari.

"Habari za asubuhi, mzee wangu," akasema mwanangu upande wa kushoto. Mzee kimya, anaangalia mbele.

"Unaona?" akasema mke. "Ndiyo hivyo. Naongea na kabati siku hizi. Niandikie tu, daktari, usijichoshe."

Mwanangu hakuandika. Alimshika mzee kiwiko, wakaanza zile hatua. Hatua ya pili muuguzi wa chumba jirani akaangusha beseni la bati nyuma yao, kishindo cha kuamsha wafu. Benchi zima tuliruka. Mama Rula aliruka, nimeona kwa macho yangu, na mstari wake ukapinda. Mzee hakupepesa hata kope.

Mwanangu akasimama. Akamwangalia mzee usoni, kwa muda, kama anasoma barua ya mtu anayempenda. Halafu akaingia naye, mlango akauacha wazi ili Mama Rula aone. Mimi nami nikaona, maana shingo yangu ikihitajika hurefuka.

Akachukua kale katochi ka kuchungulia masikio. Sikio la kulia, akatazama. La kushoto, akatazama. Akakaa kitini, akaweka mikono magotini.

"Mama," akamwambia mke, "mumeo hana wazimu. Masikio yake yameziba, yote mawili, nta imejaa mpaka mlangoni. Mara tatu alikaa kwenye kiti hiki na mimi sikumtazama. Naomba mnisamehe."

Alisema hivyo Mama Rula akisikia, daftari likiwa wazi. Nikafumba macho. Nikasema, kwisha, ameenda stoo kwa miguu yake mwenyewe.

Akamtia mzee matone ya kulainisha, wakasubiri robo saa, mwanangu akamhudumia mtu mwingine na kurudi. Akaleta maji ya vuguvugu, kibeseni, na bomba lisilo na sindano. Alilipima joto la maji kwenye kifundo cha mkono wake kwanza. Taratibu, taratibu. Kilichotoka, mimi nasema kilikuwa kama kokwa la parachichi; muuguzi anasema punje ya haragwe. Kikatoka na cha pili.

Mzee akatikisa kichwa. Akageuka kuelekea dirishani, mdomo wazi.

"Kuna ndege," akasema.

"Wapo siku zote, mzee," akasema mwanangu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Usinipigie kelele, kijana, nakusikia!" Mzee akavua saa ya mkononi, akaiweka sikioni. Uso wake ukafunguka. Akaihamishia sikio la pili. "Inakimbia," akasema. "Dakika mbili kwa siku. Nani aliigusa?" Halafu akamgeukia mkewe. "Na wewe! Miaka miwili naona mdomo wako unakwenda jikoni. Ulikuwa unasema nini?"

Mke akashika kifurushi kifuani. Nikaona hesabu ya yote aliyoyasema mbele ya mume huyo ikimpitia usoni.

"Nilikuwa nakusifu, mume wangu," akasema.

Benchi liliangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia pale, hata siku ya cheti changu. Mwenye jino linalouma alicheka akishika shavu, akilia kwa maumivu na bado anacheka. Fundi saa na mkewe wakatoka, mzee akisimama kila hatua mbili kusikiliza kitu: ufagio, kandambili za mtoto, mlango. Mke anamvuta, anamfuta machozi, kisha anajifuta yake kwa kitambaa hichohicho.

Tukamgeukia wote Mama Rula.

Maji yakatiririka bombani. Mwanangu akatoka anafuta mikono, akatazama benchi kujua ni zamu ya nani. Ilikuwa zamu ya Mama Rula. Kwa kukaa kwenye foleni tangu asubuhi alikuwa amefika mbele bila kujua. Mwanangu angeweza kumruka. Hakumruka.

"Karibu, mama," akasema. "Twende."

Mama Rula akatutupia sisi jicho, akafungua mdomo kusema hapana. Kisha akainuka. Wakatembea. Hatua ya nne niliona mkono wake ukikwenda kiunoni, kidogo, upesi, kama mtu anayeficha kitu mfukoni. Mwanangu naye aliona, maana alipunguza mwendo. Safari hii akafunga mlango.

"Anamhukumu," akasema mwenye jino.

"Anampa barua ya stoo," akasema mwingine.

Mimi nilienda kwenye kitasa. Mlango ule ni mbao nene, nao walikuwa wanaongea chini, kwa hiyo sikusikia neno. Kwa mara moja maishani mwangu nasema ukweli mtupu: sijui walichosema. Robo saa. Watu wakaanza kunung'unika.

Mama Rula akatoka na cheti mkononi. Mgongo haukuwa umenyooka, ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka minne," akaniambia mimi, au ukuta. "Miaka minne kiuno hiki, na hakuna aliyeniuliza." Akafunga daftari. "Bibi, mwanao habanduki chumba hiki. Na Jumatatu matabibu wote, kila chumba, watatoka kuchukua watu wao benchini. Stoo nitatafuta mtu anayependa glavu."

Akaenda dirisha la dawa, akapanga foleni nyuma ya mtoto mwenye kamasi, kama mimi na wewe.

Nikapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, na hapo siongezi kitu, kilifika mpaka maabara. Muuguzi wa chumba jirani akatoka mbio na kidole mdomoni: "Bibi! Hapa ni kwa wagonjwa!"

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo maana nakipigia hapa." Na nikakirudia.